Waitara, Uliyesimama Mbele ya Mishale Jabalini Rigicha

Mwaka umetimia, Waitara, tangu mshale ukupate juu ya jabali la Rigicha, mahali ulipopajua kuliko sebule yako.

Wageni uliwapandisha kileleni kwa miaka mingi, na kuwatania hukuacha. "Mura, viatu hivyo ni vya harusi!" ulimwambia kila kijana aliyekuja na soli laini, kisha ukamvulia vya kwako. Kamba uliikagua mwenyewe, pingili kwa pingili, na hukupanda kabla ya kunywa uji wa mkeo, Wegesa. Hukuwa mchoyo, ila wa uji huo.

Kila mgeni ulimwonya asipulize filimbi. Kwetu filimbi ikilia, ng'ombe wameibwa, na mwanamume hakai kuuliza. Siku ile mguu wa kijana mmoja kutoka Mwanza ulinasa kwenye ufa wa mwamba. Mwenzake akapagawa, akapuliza.

Kijiji kikapanda na mapanga na pinde. Waliona watu wageni wenye kamba mabegani, wakaona wezi. Panga la kwanza lilimpasua mmoja bega, damu ikatapakaa jiweni. Ukajitupa katikati, mikono wazi. "Hawa ni wageni wangu! Hawana ng'ombe wa mtu!" Wa mbele walikusikia. Wa nyuma hawakusikia. Mshale ukakuingia chini ya mbavu, nawe ukaporomoka hadi chini kwenye miamba. Wageni wako wote wako hai. Sisi tuliokota mwili uliovunjikavunjika, na mpaka leo inatuuma vibaya.

Baada ya mazishi, kaka yako Sylvester alinoa panga, akakusanya vijana wa ukoo. Aliyekupiga tunamjua, ni mtu wa hapahapa, alicheza harusini kwako. Mama yako Efrazia akasimama langoni mwa boma, akashika fundo la kitenge chake. "Atakayetoka nitavua mbele yake, na laana aende nayo." Hakuna aliyetoka.

Jumamosi hii tunafanya ibada ya kukukumbuka nyumbani, Nyamwaga. Nawe uliyeachia mshale, ukisoma hapa, Mama anasema njoo ule nasi. Usije na upinde.

Waitara, unakumbukwa na Mama, mkeo Wegesa, wanao, dada yako Tabitha, na kaka yako Sylvester, ambaye amekubali kumnawisha aliyekupiga mikono kabla ya kula.

Hutatutoka moyoni kamwe.