Dubu Mla Sukari

Shoga, nimejifungia chooni kazini, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unamjua yule dubu anayeshukiwa kupekua mapipa ya taka kambini? Leo ndiyo ilikuwa iamuliwe, apigwe risasi au aachwe. Mimi nikapima zile nywele zilizonasa kwenye waya wetu wa miba, ule wa kutegea manyoya ya dubu. Sasa mahindi na miwa, inakotoka sukari ya soda, huacha alama yake kwenye nywele za mlaji, na hizi zilikuwa zimejaa alama hiyo tele.

Nikasimama kikaoni, uso nimeukaza: "Huyu hali matunda ya porini. Miezi yote hii anakunywa soda."

Soda, nimesema. Mbele ya Marlys, mkuu wa hifadhi, mke wa bosi wangu Doug.

Marlys akauliza, "Nywele za waya upi?"

"Ule wa kijitoni. Doug mwenyewe ndiye aliyezitia kwenye bahasha."

"Pale alipoteleza akanasa kidevu?"

Wote tukamgeukia Doug. Shoga, zile ndevu zake nyekundu zina pengo la kupitisha kidole.

"Zilifanana," akasema Doug.

Zilifanana!

Marlys akavua miwani taratibu. "Baba Kirsten, si uliniapia soda umeacha tangu Pasaka?"

"Labda mashine ina hitilafu." Mashine yangu, eti.

Basi, kesi ya dubu imeahirishwa mpaka nipime nywele za waya mwingine. Dubu kapata dhamana. Doug hajapata.