Kadi Nyepesi ya Giga Nane

Wewe, uko wapi? Nimetoka kwenye lile duka alilonipeleka shemeji, nina hasira.

Nilikuwa nalinganisha kadi mbili za kompyuta, zile za kuonyesha picha kwenye skrini (graphics card), za bei nafuu. Moja kumbukumbu giga nne, nyingine nane. Ya nane ni nyepesi kama kiberiti! Nyepesi, nakwambia, na kadi halisi huwa nzito!

Nikamwambia muuzaji aichomeke nione. Kabla hajajibu, shemeji akadakia: "Achana na hayo, tutachelewa."

Tuchelewe wapi? Leo Jumapili!

Nikakaza. Ikachomekwa. Skrini ikaonyesha giga mbili. MBILI!

Muuzaji hakunitazama mimi. Alimtazama shemeji.

Sasa nijibu: kadi ya kompyuta yako, si ni huyu huyu shemeji aliyekununulia?