Mafuta ya Koko

Yeyo mama yangu, na Saruni,

Chai iko kwa thermos. Saruni, fungulia kuku kabla uende shule, na mandazi zangu nimezihesabu! Naandika kwa karatasi juu simu iko karibu kuzima na hospitali wanaweza nipigia.

Nimetoka mapema. Wacheni niwaambie. Nimeamka nikapata kwapa zote mbili zinateleza! Koko amekaa kwa kitanda yangu na chupa yake ya mafuta ya kondoo. "Nimekupaka ukilala, mjukuu wangu, ndio hiyo moto yao isikuumize." Siku ya laser ya kuchoma haya majipu, jamani! Daktari alisema ngozi ikuje kavu kabisa, mafuta inaweza shika moto. Miaka saba majipu inapasuka huko kwapani, nalala mikono juu kama mtu ameshikwa na polisi, na hii siku nimeingoja miezi minane.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia arudi kwake Isinya. Alifunga tu chupa polepole.

Nimeosha na sabuni mara tatu mpaka vidonda vikatoa damu, na bado inateleza. Nurse amesema kwa simu wataangalia nikifika, pengine wanirudishe nyumbani, nianze kungoja tena.

Yeyo, mpelekee Koko uji, amejifungia kwa room. Nikirudishwa, ~~mwambieni ni yeye ameniharibia~~ mwambieni mashine ilikataa kuwaka.

Mjukuu wake,
Soipan