Nilimchora Kasuku, Kumbe Ndege ni ya Kupanda

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana mchimba kisima huingia mwenyewe na mimi nimeshaingia mpaka shingoni. Mimi ni mchoraji, mwaka wa tisa sasa nachora katuni za jarida, na ofisini wananiita Mkono Mwepesi kwa sababu mhariri akinipa mstari mmoja wa utani, chai yake haijapoa nimeshamaliza, basi shirika la vitabu vya watoto lilipokubali kunijaribu kwa kitabu kimoja, kikipendwa waniajiri moja kwa moja, kazi niliyoitamani tangu nikichora ukutani kwa mkaa na kuchapwa na mama, nikafanya vilevile, orodha ya mistari ya kuchorea niliyopewa mbele yangu, hadithi yenyewe, kurasa kumi na mbili tu, sikuisoma. Mstari mmoja ulisema, "Dada alikuja na ndege." Nikamchorea dada kasuku begani, wa kijani, jicho la ujeuri, nikamweka kila ukurasa hadi wa mwisho. Kumbe ndege yenyewe ni ya kupanda! Mwandishi ni mwalimu mstaafu, na aliandika kuhusu dada yake aliyerudi nyumbani baada ya kukaa ughaibuni miaka ishirini. Mkubwa wa shirika alipomwona kasuku akapiga makofi, "Huu ndio ubunifu!" nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Nilikusudia." Sasa mwalimu ameambiwa abadilishe hadithi imfuate kasuku, na Jumatatu kitabu kinakwenda kiwandani kupigwa chapa. Jana nilimkuta kwenye ngazi ameshika karatasi zake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani dada yangu alikukosea nini?" Nikatazama chini, nikapita. Mume wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, lakini swali la mwalimu linanifuata kila niendako, na kazi hii siiachi, nimeapa, nimeingoja mno. Nikisema ukweli si nitaikosa?

Mkono Mwepesi

Mkono Mwepesi, na mdomo nao mwepesi! Pole, mwenzangu, ila pole yangu leo ni ndogo. Kuchanganya ndege na ndege ni ajali, hata mimi nimecheka mpaka machozi. "Nilikusudia" haikuwa ajali. Na mumeo mwambie chini ya hilo kombe lake kuna mwalimu wa watu.

Kazi huiachi? Vizuri, usiiache! Lakini ijue kwanza. Katuni mtu huicheka akageuza ukurasa. Mtoto ataikodolea macho picha ileile mara mia, na kama hukusoma atakuumbua yeye.

Leo keti uisome hadithi yote, kwa sauti. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu useme, "Mwalimu, sikusoma." Maneno mawili, usiyapambe. Muulize dada alivaa nini siku ile, alibeba nini, nani alimkimbilia kwanza, na uchore hapohapo mbele yake. Kisha nenda kwa mkubwa na michoro mipya mkononi, umwambie kwa kinywa chako kwamba kasuku aliletwa na uvivu. Akikunyima kazi utaumia, sikudanganyi. Utabisha hodi kwingine, na ukiulizwa kuhusu michoro yako hutatazama chini.

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla sijashika kalamu. Hadithi ya mwalimu ina kurasa kumi na mbili tu. Kaisome.