Sauti ya Bibi Kwenye Diske Inayokufa

Gitega

Mama yangu mpendwa,

Kabla Dada Perpetua hajakusomea mstari wa pili, tafadhali afunge mlango. Barua hii ni yako na yake tu. Akipita mtu kuomba moto au chumvi, aikunje kwanza.

Sasa nakusalimu kwa heshima zote. Goti lako linaionaje baridi ya asubuhi za Muyinga? Maharage ya bondeni yamechanua, au mvua imeyachezea tena? Mimi ni mzima. Nakula, nasoma, na nagombana na utawala wa chuo kuhusu maji ya bwenini, kwa hiyo ujue afya yangu ni kamili.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, Mama, huchajiwa kwa Baba Mdogo Sebastiani, kwa sababu ndiye mwenye sola. Je, ni haki mtu tunayegombania naye shamba awe ndiye mlinzi wa simu yetu? Simu inayolala kwake mimi siiambii neno.

Unakumbuka nilivyomrekodi Bibi likizo ya Pasaka, akieleza mpaka ulipopita kabla hatujakimbilia Tanzania. Baba Mdogo anashikilia kwamba mpaka ni mfereji, na kwa mfereji huo mibuni yote ya kahawa inakuwa yake. Bibi, mama yake mzazi, alisema mpaka ni ua wa minyaa. Sasa Bibi tumemzika, wazee wa kilima watakaa kuamua baada ya Jumapili ijayo, na Baba Mdogo anatamba kwamba marehemu hakuacha neno. Simu niliyomrekodia iliibwa sokoni. Sauti ilibaki kwenye kompyuta yangu peke yake. Rafiki yangu Dezire alinihimiza niipeleke kwenye mtandao. Nikamuuliza, mtandao huo ni wa nani, na nani ameushika ufunguo?

Mwezi huu kompyuta ilianza kuugua. Kila nilipoigusa sauti ya Bibi ili niihamishie kwenye flashi, kioo kiliganda. Dezire akaniambia kwamba diske, yaani ile sehemu ya ndani inayohifadhi kila kitu, inakufa. Dawa yake ni kununua diske mpya, kubwa zaidi, kisha fundi ainakili ile ya zamani yote kama ilivyo, mpaka ya pili iwe pacha wa ya kwanza. Ndipo mpya inafungwa mahali pa ya zamani, na kompyuta inaamka kana kwamba haikutokea kitu.

Fikiria maana yake, Mama. Kila nilichoandika, kila nilichoficha, kinapita mikononi mwa mtu nisiyemjua, na kwa saa kadhaa kinakuwepo mara mbili duniani.

Fundi anaitwa Shabani. Ana kibanda mtaa wa Waswahili, kati ya mshonaji na muuza sambusa, na mlangoni ameweka spika kubwa ya muziki ili kuvuta wateja. Hata kabla hajashika bisibisi akauliza, "We ni wa wapi?"

Mtu wa kompyuta anataka kujua kwetu kwa nini? Nikamdanganya, "Kirundo."

"Ah, bon. Mi niko na shemeji Muyinga, nilidhani we ni wa kule. Unaongea kama watu wa kule waliokulia Tanzania."

Akasema niache mashine, nirudi kesho. Nikamwambia nitakaa hapahapa. Akaniambia kazi inachukua muda mrefu. Nikamwambia hata dhuluma huchukua muda mrefu, na wapo wanaoikalia macho. Akaniangalia kidogo.

"We unahutubu vizuri," akasema, "lakini umekalia chaja yangu."

Alizichomeka diske zote mbili kwenye kompyuta yake kubwa ya mezani, ile ya zamani huku, mpya kule, na kunakili kukaanza. Sikuondoa macho. Alipoinuka kununua sambusa niliinama kuona kama kuna waya wa tatu. Aliniletea moja. Niliila, lakini sikumshukuru kwa maneno mengi.

Mchana ulipogeuka, kazi ikasimama. Shabani akavuta kiti karibu na kioo. "Diske yako iko na mahali pameoza. Vingine vyote vimepita. Faili moja ya sauti ndiyo imegoma. Imeandikwa 'Bibi'."

Mama, katika maelfu ya vitu, kwa nini hicho tu? Nilimuuliza hivyo, na nadhani nilimuuliza kwa sauti ya mwendesha mashtaka.

"Unaniangalia kama polisi," akasema. "Iko hivi. Naweza kuisoma tena polepole, kipande kwa kipande. Lakini diske iko inakufa, inaweza kuzimika palepale. Ao tuache. Chagua we."

Ningefanya nini? Kuacha kulikuwa kumzika Bibi mara ya pili. Nikamwambia aendelee. Mshonaji wa jirani, Mama Zaituni, aliacha cherehani akaja kusimama nyuma yetu na futi yake shingoni, akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema yupo.

Jioni faili ilifika. Shabani akasema, "Mashine inasema iko sawa, mi siiamini. Inabidi kusikiliza." Nikamwambia nitasikiliza peke yangu. Nikatoa visikizi vyangu, nikavichomeka kwenye kompyuta yake, nikaziba masikio yote mawili, nikabonyeza.

Masikioni sikusikia kitu. Niliona tu muuza sambusa akigeuka, kisha mwendesha baiskeli akisimama. Nilipovua visikizi, Bibi alikuwa anazungumza mtaa mzima kupitia ile spika ya mlangoni, kumbe imeunganishwa na kompyuta ile, kwa Kirundi chake cha taratibu, akimwita Baba Mdogo kwa jina: "Sebastiani mwanangu, minyaa ile tuliipanda mimi na wewe. Wewe ulichimba, mimi nilishika miche. Mpaka ni minyaa. Mfereji umeuchimba juzi, na mimi nilikuona."

Nilirukia kibodi. Mama Zaituni akanishika mkono. "Wacha amalize. Utamkatiza mzee?" Na akamaliza, hata kile kikohozi chake cha mwisho. Watu wakaanza kubishana palepale, watu wasioijua hata njia ya kwetu. Mmoja akasema mfereji ni maji tu, unahama. Muuza sambusa akasema mtoto anayembishia mama kuhusu mti waliopanda pamoja hana aibu. Hakuna aliyemtetea Baba Mdogo.

Shabani akaniambia polepole, "Kirundo, eh?"

Nikaanza kukunja waya wa visikizi vyangu.

"Huyo Sebastiani mi namjua. Shemeji yangu ameoa binti yake. Nilikula kwenye harusi yao." Akafuta faili mbele yangu kwenye mashine yake, akafunga diske mpya, na ile ya zamani akanitilia mkononi, ingawa desturi ya mafundi ni kubaki nayo. "Mi natengeneza mashine. Mashamba siyatengenezi."

Je, spika ile ilikuwa bahati mbaya? Je, alifuta kweli? Na mbona, nilipogeuka nikiwa njiani, alikuwa ameshika simu anaandika? Labda alimwandikia mkewe kuhusu chakula. Labda. Nimeyapima usiku na mchana, na mizani inakataa kutulia.

Lakini jambo moja nimelielewa. Nilikuwa nimepanga tuifiche sauti hii mpaka mbele ya wazee. Siri hiyo imekwisha. Baba Mdogo akiwahi kusikia, atakuja na maneno ya kusema kwamba Bibi alikuwa amechanganyikiwa. Kwa hiyo tusimpe nafasi. Ndani ya soksi ya kijivu aliyokuletea Mama Odeta pamoja na barua hii kuna flashi niliyoinakilia sauti ya Bibi; angalia uzi mwekundu kama haujafunguliwa. Jumapili, watu wakitoka kanisani, toa redio yako uani, ile ya kuchomeka flashi. Waite majirani, mkatekista, na wazee wanaotaka. Mwite Baba Mdogo mwenyewe, mpe kiti cha mbele. Usiseme neno. Bonyeza tu, na mtu yeyote akitaka kuzima, mwambie alivyoniambia Mama Zaituni.

Msalimie Dada Perpetua, macho yangu na ulimi wangu hapo nyumbani. Msalimie Shangazi wa Mutaho, na mkatekista jirani yetu. Msalimie na Baba Mdogo pia, maana ni damu yetu; ila salamu zangu usimpe mlangoni. Azipate akiwa ameketi, mama yake akishamaliza kuzungumza.

Mimi mwanao,
Ezekieli