Kwa Evelyn, Fundi wa Nyota Zinazowashwa kwa Kidevu

Evelyn, wewe ni binti wa Wenseslaus. Wenseslaus ni mwanangu mimi, Sirili Mlay wa Mwika. Mimi ni mwana wa Thadeus, katekista. Naye Thadeus alizaliwa na Ndesario, aliyekabidhiwa ulinzi wa mfereji wa maji wa kijiji kizima na hakupata hata siku moja kufungulia maji shamba lake kabla ya zamu yake. Hao ndio waliokutangulia. Nawataja kwa sababu hukuwaaibisha.

Mwaka umetimia tangu Jumamosi ile ya Desemba ulipoangukia meza yako ya kazi pale Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Asubuhi ulikuwa umenipigia simu. "Shikamoo babu. Mwambie bibi asipakue mtori mpaka nifike, kila mara ananiwekea uliopoa." Nikamwambia. Sufuria lilikaa mekoni, wewe hukufika. Madaktari walisema ni moyo. Moyo wa msichana wa miaka ishirini na sita! Nimelirudia neno hilo mwaka mzima na bado haliniingii akilini.

Ulisomea umeme, ungeweza kuajiriwa mahali pakubwa. Ukawachagua wanafunzi wa kitengo maalumu, watoto wenye ulemavu. Ulitueleza kwamba shuleni watoto hao wana walimu wao, lakini likizo ya Krismasi ikifika wanapandishwa nyumbani huku mlimani, ukoo wote unakusanyika, na wao wanaketishwa pembeni kutazama wenzao wakishangilia. "Babu, kwenye sikukuu hakuna kitu walichowekewa wao," ulisema. Basi ukaanza kuwatengenezea: nyota zinazowashwa kwa kidevu au kiwiko, kengele za kuvutwa kwa mguu, na ngoma inayomulika taa kila inapopigwa, kwa wasiosikia. Rahma, mtoto asiyeona wa Mama Sikudhani wa mjini, ulimtengenezea kandili ya Idd inayoimba akiigusa.

Swichi zako zilikuwa pana kama sahani, ulizikata kutoka vifuniko vya ndoo. Bibi yako Mektrida akaweka ndizi za kuchoma juu ya mojawapo, sebule nzima ikawaka rangi.

"Bibi, umetuletea Krismasi mwezi wa kumi!"

"Na wewe nunua sahani, usiniletee mashetani mezani!"

Mlicheka mpaka ndizi zikapoa.

Hukukabidhi kifaa kabla mtoto mwenyewe hajakijaribu. Mzazi akinyoosha mkono kumsaidia, ulimzuia: "Mwache, baba. Ni zamu yake." Ndivyo ulivyomwambia Daniel, mzazi wa Mathew, kijana ambaye mikono yake haimtii. Krismasi ya mwaka juzi Mathew aliinamisha kidevu, nyota ikawaka juu ya mlango wa baba yake, na wazee wa ukoo wao wakasimama wote.

Wiki iliyopita Daniel alipanda hapa akiwa na nyota hiyo ndani ya mfuko.

"Shikamoo mzee. Imezima. Mathew ameibonyeza mpaka kidevu kimechubuka. Anadhani amesahau namna ya kubonyeza."

Nilikaa chini, Evelyn. Mtoto anajilaumu kwa taa iliyokufa.

Stella, mdogo wako uliyemfundisha kazi, akaifungua. "Babu, ni waya umeachia tu. Nipe vifaa vya dada."

Hapakuwa na vifaa vya dada.

Tulipomaliza matanga tulifanya kama ilivyo desturi yetu: tuligawana vitu vyako, kila ndugu abaki na kitu kilichotoka mkononi mwako. Kitenge hugawiwa, koti hugawiwa, jembe hugawiwa, na hakuna anayedhurika. Nasi tukagawa na vifaa vya kazi vilevile. Nimepiga simu kwa kila mmoja na kila jibu limenishtua kuliko lililotangulia. Wilson ameitundika testa yako ya kupimia umeme ukutani Dar es Salaam, chini ya picha yako. Eliudi anahifadhi chaja zake ndani ya sanduku lako. Chuma chako cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, kiko kabatini Arusha. Bisibisi na praizi ziko kila pembe ya nchi. Wote wamevitunza kwa upendo mkubwa, na kwa upendo huo huo tumeizima kazi yako.

Waya wa Mathew fundi yeyote wa mjini angeuunga. Lakini Daniel alipokuwa akiaga alisema kwamba wazazi wengine nao wana vifaa vilivyozima, ila wameona haya kuwasumbua wafiwa. Watoto hao wamekaa mwaka mzima wakibonyeza. Krismasi ndiyo hii inakuja, na watapandishwa nyumbani kuketi pembeni tena.

Unakumbukwa na baba yako Wenseslaus na mama yako Honorata, bibi yako Mektrida, mdogo wako Stella, binamu zako Wilson na Eliudi, walimu na wanafunzi wa kitengo, nami babu yako. Maadamu tunapumua, jina lako halitatoka vinywani mwetu.

Sasa nasema na vijana wa ukoo huu, nanyi mnisikilize. Misa ya Evelyn itasomwa Mwika Jumamosi hii, kisha tutakwenda kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kaburini kwake. Meza yake tumeipandisha kutoka mjini, iko barazani kwangu, na Stella ataketi hapo akianza na nyota ya Mathew. Kila aliyepewa kifaa chake akiweke juu ya meza hiyo kabla hajaja kunisalimu. Atakayenijia mikono mitupu, awe ametoka Dar es Salaam au ng'ambo, shikamoo yake sitaiitikia.