Stima Ilipopotea Mazishini

Jumamosi, Voi

Si mimi peke yangu ninayesema vijana ndio wameua muziki wa injili. Zamani kanda za kwaya yetu zilinunuliwa hadi Taveta. Siku hizi yule msichana Mercy anakuja na ala zake zilizorekodiwa kwenye flashi, anaimba peke yake, na kamati ya mazishi inasahau kwamba kuna kwaya.

Leo tulimzika mama wa mwalimu wetu wa kwaya kule Mwatate. Mercy alikuwa katikati ya ubeti, stima ikapotea. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamnong'oneza Mama Mghoi, mwenzangu wa kwaya, "Haya, sasa tuone."

Msichana hakunyamaza. Aliendelea bila ala, sauti ikitetemeka, kisha akanigeukia. "Mama Wakio, nishikie hapo sauti ya pili."

Wimbo huo naujua tangu ujana. Nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

"We nawe," Mama Mghoi akanisukuma. "Koo limekauka?"

Mercy alimaliza peke yake. Watu walilia. Ana sauti nzuri kunishinda, na hilo ndilo linaloniuma.

Bwana, miaka yote hii nimewalaumu vijana. Leo wimbo uliniomba sauti, nami nilikuwa nayo, nikaunyima.